Mawe ya Mupando wa Luhwindja

Kazi mbili, Jumanne, tarehe 9, mwezi wa tatu 1999

Wewe mwenye kufungua kaye hii ya kuandikia, ulikuwa wapi? Tangu mbele ya Majivu ya Kwaresima haujaweka mukono hapa. Wiki tatu! Kaye imelala chini ya godoro, imenuka moshi, panya amekula kona moja. Haya kwako. Na usitafute mutu wa kusingizia. Hapa hakuna musomaji mwingine. Ni mimi naandika, ni mimi nasoma.

Masomo sikuingia hata siku moja. Herufi nilizipata parokiani, na meno yamekwisha kuanguka. Usipozitumia zinakimbia kama kuku. Kwa hiyo andika, mwanamuke.

Maharagi nimechagua. Maji nimechota. Bahati bado hajarudi.

Aliondoka na kamioni kwenda Luhwindja siku ya posho, Jumamosi. Chumvi, sabuni, na juu yake sima ya kujengea ya patron, tajiri wake wa kazi, mifuko mingi kupita akili. Alipaswa kuwa hapa jana mangaribi. Bahati ni kitinda mimba wangu. Wale wawili wa mbele yake vita imewala. Siandiki zaidi.

Kwaresima hii nimefunga matukano. Mpaka leo ninaweza.

Kazi tatu, tarehe 10

Habari imefika. Imekuja na miguu.

Mama mumoja wa Luhwindja, mwenye kubeba mihogo, alipita kwa robine ya kuchotea maji akiuliza nyumba ya maman wa Bahati. Miguu yake ilikuwa imevimba kama mikate. Nilimupa kiti, nikamupa chai, halafu nikamukamata mukono mpaka aliposema yote.

Kamioni imekufa katikati ya ule mupando mukali wa mulima wa kuingia Luhwindja. Tangu siku ya Yenga, Jumapili. Chuma ya kuzungusha magurudumu ya nyuma imekatika. Imeshikwa na mawe tu, kichwa juu, matako chini, kama mbuzi aliyekataa kwenda soko. Watu waliokuwa wamepanda juu ya mizigo walishuka, wakaenda zao. Bahati akabaki peke yake.

Kazi moja mangaribi, wenye bunduki walitoka pori. Walichukua katoni za sabuni, shitingi ya kufunika mizigo, na viatu vya Bahati mwenyewe. Walisema watarudi kazi mbili yenye kuja, siku ya soko, na watu wa kubeba vyote. “Na wewe shoferi utabeba pamoja nao.”

Wale wanaobebeshwa mpaka ndani ya pori, najua ni wangapi wamerudi. Ninawahesabu na mukono usio na vidole.

Na kuacha kamioni hawezi. Akiiacha, patron atasema ameuza mizigo, atamutia gerezani.

Kinyaa. Bunduki upande moja, patron upande mwingine, mutoto wangu katikati bila viatu.

Kazi ine, tarehe 11

Nilifika Muhumba, kwa patron wa Bahati, saa tatu ya asubuhi. Kwa patron maua yamekatwa sawasawa kama nywele za bwana arusi. Mulinzi aliniambia ningoje. Nilingoja nikisimama, sababu kiti hawakutoa. Patron alitoka saa tano, kijiti cha meno mudomoni. Alikuwa amekula nyama. Ndani ya Kwaresima.

Nilimueleza yote. Akauliza: “Shitingi wameichukua? Na sima? Imelowa?”

Nikasema wenye bunduki watarudi kazi mbili.

“Koko, wewe mama muzee,” akasema, “sima ikilowa mara moja, imekwisha.”

Sima aliiuliza mara tatu. Bahati hata mara moja. Hata jina lake halikupita mudomoni mule, pamoja na kile kijiti. Alisema tu “shoferi”, kama mutu anayesema “jembe”.

Hapo Kwaresima yangu ikavunjika. Mbele ya geti, mulinzi anasikia, wapita njia wanasimama. Maneno yale sitayaandika, kaye ingeshika moto. Niliomba Mungu musamaha ndani ya taxi-bus, lakini si kwa nguvu.

Kitu kimoja kilitoka. Kesho anatuma kamioni ingine, tupu, na kable ya kuvuta. Si juu ya mutoto wangu. Ni juu ya sima. Haizuru. Shoferi ni Musafiri, mutoto wa hapa kwetu Bagira. Kazi alifundishwa na Bahati.

Kazi tano, tarehe 12

Musafiri ameondoka. Nilimupa bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga, za Bahati, zimefungwa ndani ya majani ya ndizi. Akacheka: “Koko, na mimi nitakula nini, kable?” Nikamufungia na yeye. Mupumbavu mwenye roho nzuri. Viatu vya marehemu bwana yangu nilitaka kumupa avipeleke, nikavisahau chini ya kitanda. Vinanitazama.

Nilimuambia neno ninalowaambia wote: jiwe ulilotia chini ya gurudumu, ukimaliza ulitoe njiani. Bwana yangu alikuwa shoferi. Alikuwa anasema, jiwe la kuacha njiani ni mutego wa mwenzako. Bahati alinyonya neno hilo pamoja na maziwa.

Mvula tangu saa saba. Sima ya patron inakunywa.

Siku ya posho, tarehe 13

Mungu anisamehe siku yote ya leo.

Musafiri hakufika. Kwenye kona ya kwanza, chini kabisa ya mupando, ndani ya mvula, alikuta mawe katikati ya njia. Yale mawe makubwa ya kushika gurudumu. Mutu aliyatumia, akaondoka, akayaacha. Yamepasua kamioni chini ya motere. Oili yote imemwagika. Shoferi wa gari ya kutoka Walungu ndiye alileta habari. Sasa kamioni mbili zimekufa kwenye mulima moja.

Nilisimama kwa robine, ndoo kichwani, nikasema mbele ya wamama wote. Ni mutu wa namna gani anaacha mawe njiani? Gari yake imewaka, anapiga honi, anaimba, na nyuma yake ameacha kifo cha mwenzake. Mama aliyemuzaa alikuwa anafanya nini siku ya kumufundisha, alikuwa analala? Ao alimupa nguruwe amulelee? Nilisema mengi. Wengine walijibu amina.

Mama Zawadi ni rafiki yangu. Anabeba mizigo na mugongo kule kwenye mitumbwi ya ziwa, tangu walipomuua bwana yake. Alingoja nipumue.

“Umemaliza? Kamioni ikishindwa na muzigo, unatoa muzigo. Sisi tuko na migongo.”

Patron anasema atatafuta kamioni ya tatu. Ya mwezi gani? Kazi mbili ni siku tatu tu. Mimi singoji. Wamama kumi na moja wa shirika letu la parokia wamekubali. Kila mumoja na kamba yake ya paji la uso, ya kubebea muzigo.

Viatu nimeviweka mulangoni. Leo sivisahau.

Kazi moja, tarehe 15

Ninaandika kwa nyumba ya katekista, chini ya mupando. Jana, baada ya misa ya kwanza, tulipanda gari ya mboga mpaka ilipokomea. Halafu miguu.

Kamioni ya Musafiri iko hapo kwenye kona. Oili imechora njia nyeusi mpaka mufereji. Musafiri mwenyewe ameketi kwenye kivuli cha gari, haniangalii. Nilifikiri ni haya ya kushindwa. Nikaanza tena juu ya mawe, kwa sauti, mulima usikie. Mama yake huyo mutu. Nguruwe. Yote.

“Koko, nyamaza. Ninakuomba.”

Nikaendelea.

“Koko. Mawe ni ya Bahati.”

Siku ile ya Yenga, kamioni ya Bahati ilizimika mara ya kwanza hapo hapo, kwenye kona. Walitia mawe. Ikawaka. Mvula ilikuwa inakuja, watu juu ya mizigo wanapiga kelele, twende, twende. Bahati akaenda. Alipofika katikati, chuma ikakatika. Katekista aliona yote na macho yake, nyumba iko hatua ishirini. Na yeye hakutoa jiwe hata moja. Alikuwa anangoja wenye kuyaweka warudi. Na kila asubuhi anafundisha watu sala, huyo.

Mutego ni wa mutoto wangu. Aliyenaswa ni yule aliyekuja kumuokoa.

Wamama kumi na moja walisikia. Hakuna aliyecheka. Afazali wangecheka.

Kazi mbili, tarehe 16, mangaribi

Juu. Tuko juu.

Tulianza kupanda jua halijatoka. Bahati alikuwa ameketi kwenye gurudumu, miguu imefungwa na vipande vya mifuko. Amekonda. Alisema “Maman” halafu akalia. Nilimukumbatia kwanza. Halafu nikamupiga kofi. Nikamuambia: “Mawe yako yamemupasua Musafiri.” Hakuniuliza mawe gani.

Nikamuvalisha viatu vya baba yake. Vinamuwia vikubwa kidogo.

Musafiri alikuwa ametoa chuma ya kuzungusha magurudumu kwenye kamioni yake mwenyewe, ile yenye kupasuka. Aliipandisha mulima na bega, akalala chini ya kamioni ya Bahati kuifunga. Mimi mahali pake ningeitupa kwenye bonde. Nimeandika hivi nisisahau mimi ni mutu wa namna gani na yeye ni mutu wa namna gani.

Wakati anafunga, sisi tulishusha. Na sima? Sima ya patron ilikuwa imekunywa mvula siku nne. Kila mufuko umekuwa jiwe. Mama Zawadi aligonga moja na ngumi: “Hodi! Muko na nani ndani?” Tukacheka mpaka tukaketi chini. Hapo ndipo kucheka kulitoka, na kulitoka kote.

Chumvi tulibeba na mugongo, kidogo kidogo, mpaka juu kwa duka ya wenye mizigo. Sabuni iliyobaki pia. Mimi nilibeba katoni moja moja, sitasema uongo. Kamioni ikabaki tupu, sima yote imelundikwa pembeni ya njia. Musafiri akashika usukani. Bahati nilimuambia: wewe, nyuma.

Hatua kumi, gari inachoka, Bahati anatia mufuko wa sima nyuma ya gurudumu. Inapumua. Hatua kumi tena. Na kila mara ikiondoka, Bahati anarudi, anakamata ile mifuko, anaisukuma mpaka ndani ya mufereji, anakuja mbio na mingine. Mwenyewe, na viatu vya baba yake. Nilitembea nyuma yake mupando wote. Sikumusaidia hata mufuko moja. Roho ilitaka. Mikono niliifunga ndani ya kitenge.

Saa kumi tulikuwa juu. Nusu saa nyuma yetu, filimbi za wenye bunduki upande wa pori. Mama Zawadi akanishika mukono. Filimbi zilibaki kule chini. Wamekuta njia safi na sima ya patron ndani ya mufereji, ngumu kama dhambi. Waibebe.

Bahati analala ameketi. Niko karibu naye. Ninahesabu anavyopumua.

Kazi tano, tarehe 19, Mutakatifu Yosefu

Mvula hakuna. Ziwa limetulia.

Tulifika jana. Kazi tatu asubuhi tulishuka mulima na kamioni tupu, na pale kwenye kona Bahati alitoa kable, ile ile iliyokuja kumuvuta yeye, akamuvuta nayo Musafiri mpaka Bagira. Njia yote walikuwa wanatukanana kwa madirisha. Nilifurahi. Watu wakitukanana hivyo, bado ni ndugu.

Leo asubuhi nilirudi kwa robine. Ndoo niliiweka chini kwanza. Nikasema: yule mama niliyemutukana siku ya posho, aliyekuwa analala, aliyemupa nguruwe mutoto amulelee, ni mimi. Halafu Mama Zawadi, nyuma: “Tumesikia. Sasa chota, wengine tuko kwenye mustari.”

Patron alimufukuza Bahati saa tatu juu ya sima. Saa nane akamuita tena. Hakuna shoferi mwingine anayeutaka ule mupando. Nilitaka akatae. Hakukataa. Kesho anaondoka. Kinyaa changu juu ya mutu yule hakijapungua, nitakipeleka kwa padri mbele ya Pasaka, padri naye ahangaike nacho.

Baada ya chakula nilisikia shoka nyuma ya nyumba. Bahati alikuwa amekata mukaratusi vipande viwili. Akavichonga upande moja, vya kuingia chini ya gurudumu. Akavitoboa. Akavifunga kamba ndefu, kamba akaifunga kwenye chuma ya nyuma ya kamioni. Gari ikiondoka, vinafuata vyenyewe, kama mbwa wawili. Njiani havibaki.

Hakuniambia kitu. Sikumuuliza. Nilimuletea chai, nikaketi juu ya maganda ya muti mpaka alipomaliza.

Na wewe, siku utakaporudi kwenye kaye hii, usianze na maharagi. Usianze na patron. Toka kwanza mpaka njiani, zunguka nyuma ya kamioni, uhesabu vipande kwenye kamba. Viwe viwili. Halafu ingia, uandike.