Togwa ya Mwalimu wa Baiolojia

Hilda, nimeaibika huku Tumati kwa wakwe!!

Mama mkwe kanipa kimea cha ulezi nitengeneze togwa ya wageni wanaomletea wifi mahari. Nikakimimina kwenye uji unaochemka. Unachemka, Hilda!

Saa nzima uji umebaki mzito kama gundi, utamu hakuna.

Mama kauonja: "Kimea umekiua, mwanangu. Ungesubiri uji upoe, kidole kivumilie. Kwani shuleni unafundisha nini?"

UNAFUNDISHA NINI!

Jumanne tu nimewaambia Kidato cha Tatu: vimeng'enya vya kimea ndivyo vinavyogeuza wanga kuwa sukari, moto ukizidi vinaharibika. Aliyekosa swali hilo nilimwambia akachunge ng'ombe.

Sasa wageni wanapiga hodi, na wifi keshawatangazia togwa kapika mwalimu wa baiolojia.