Kushuka Farasi kwa Shahin Pasha

Dada Umihana,

Pokea salamu zangu, na kama umeshakufa, samahani kwa usumbufu. Kama u hai, kifua kinasemaje? Nyuki wako je? Mimi mzima kwa kiasi: mgongo umegoma, na meno mawili yaliyobaki hayakutani tena. Mwandiko usinicheke. Wewe ndiye uliyekaa kwa mwalimu, mimi nilikimbilia farasi.

Nipo mpakani, karibu na mto Sava, nilikokuwa namshikia farasi Shahin Pasha, aliyetumwa na Sultani kupatana na Wajerumani mpaka upite wapi. Nimechoka, dada. Msimu mzima wa matope tumelala mahemani tukingoja barua. Sultani anamwandikia mwenzake wa Vienna, anamwita mfalme. Barua inarudishwa: mkubwa wao si mfalme tu, ni Kaizari. Inaandikwa upya, wanasema muhuri wetu umekalia jina lake kama mtu aliyempanda mgongoni. Inarudi tena. Na muda wote huo mateka wamefungiwa zizini ng'ambo, kwa sababu hawaachiliwi mpaka wakubwa wasalimiane. Nilisikia mwanao Zulfikar yumo, yule aliyechukuliwa vitani hajaota hata ndevu. Sikukuandikia. Sikutaka umpikie mtu asiyekuja.

Hatimaye barua zikakubaliwa. Zikasimikwa nguzo tatu uwandani: yao, yetu, na ya katikati. Wakubwa, pasha na mjumbe wa Kaizari, wafike ya katikati, washuke farasi kwa pamoja, miguu iguse ardhi mara moja, maana anayetangulia kushuka ndiye mdogo. Nikamshika pasha kwapani. Mkalimani akahesabu. Pasha akaning'iniza mguu, akamtazama Mjerumani. Mjerumani naye kaning'iniza wake, anamtazama pasha. Pasha akaninong'oneza, "Babu, ukiniangusha nakukata masikio." Nikamwambia achukue tu, hayasikii vizuri siku hizi. Wote wawili wakarudisha miguu juu. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Mwishowe Mjerumani akasema amechoshwa, wajaribu mara moja tu, la sivyo anarudi Vienna na mateka wanarudi machimboni. Nikawaona kule ng'ambo wanaanza kufungwa kamba.

Sasa haya yabaki kwako. Nimeapa mbele ya watu kwamba niliteleza. Sikuteleza. Nilimvuta pasha mshipi kwa nguvu zote zilizobaki, akatua kwa makalio, kilemba kikabingirika mpaka miguuni kwa Mjerumani. Wajerumani wakaandika mbiombio kwamba upande wa Sultani umetangulia kushuka. Karani wetu akaandika kwamba kilichogusa ardhi si mguu, kwa hiyo pasha hakushuka. Kila upande ukaridhika, zizi likafunguliwa. Mimi nimefukuzwa kazi. Masikio ameniachia.

Zulfikar alitoka wa mwisho. Nilimjua kwa mwendo, kama marehemu mumeo akitoka kugombana nawe. Yeye hakunijua. Lugha yetu anaitafuta neno moja moja. Na dada, amebatizwa. Anaitwa Matija. Ana mke huko, na mtoto mchanga. Nilipomuuliza anataka nini, akasema, "Nimwone mama, basi. Lakini siingii kwake kwa uongo, mjomba. Ajue kwanza." Nilimtukana kidogo, basi. Sina tena nguvu za kugombania mtu ni wa upande gani.

Yule aliyekupa barua hii akarudi kukaa nje ya lango ndiye yeye. Anangoja umalize kusoma. Tumepatana hivi: usipomtaka, mpelekee maji kwa mkono wa jirani, atakunywa, ataondoka, wala hatakulaumu. Ukimtaka, toka mwenyewe.

Majirani wanaonikumbuka kwa wema, kama wapo, wasalimie siku yoyote. Leo usihangaike nao. Weka karatasi chini, dada.

Ni mimi kaka yako,
Rustem