Mkuyu wa Mwambani

Jumamosi, Lurambi

Haujafa! Tangu ukame uupukutishe majani yote, mume wangu amekuwa akisema mkuyu aliopanda marehemu baba yake kwenye mwamba umekauka. Leo akaleta mtu wa msumeno aukate.

Nikawasihi wangoje. Nikakwangua gome kwa kisu: ndani kibichi kabisa! Nikafuata mzizi mpaka ulipozama kwenye ufa wa jiwe, nikachomeka kidole, kikatoka na tope.

"Kumbe mti unanywea huku, Mama Nekesa?"

"Ndiyo, Baba Nekesa. Majani umeyaangusha wenyewe, usipoteze maji."

Akamrudisha mtu wa msumeno.

Mvua ikizidi kukawia, sijui. Naogopa. Lakini leo mume wangu ameukumbatia mkuyu akalia, yeye ambaye hakutoa chozi hata siku ya mazishi.