Chiriku na Mkono wa Kulia

Nyumba ya uani,
Nyuma ya duka la fundi saa.
Jumamosi asubuhi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo sana, tena ya magoti yote mawili. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa dirishani na miwani puani. Goti linasemaje siku hizi? Na kile kikohozi cha Baba Mdogo kimehama, au bado ni mpangaji? Sisi huku hatujambo. Mama yu imara, na sauti yake ndiyo kwanza imeongezeka. Mimi ni mzima wa afya, ila kichwa kimevimba kwa majivuno, na sina wa kumringia isipokuwa wewe.

Uliniuliza kazi yangu hii ni kazi gani hasa, maana Mama alikueleza ukazidi kuchanganyikiwa. Usimlaumu. Mjomba naye aliposikia “tiba ya kazi” alidhani natibu wavivu. Akaniletea mwanawe mkubwa, yule anayelala mpaka jua la utosi, eti nimwanzishie dozi. Nilimpa fagio afagie uani, na tangu siku hiyo mgonjwa hajarudi kliniki.

Mambo yako hivi. Nazunguka kwenye shule za msingi na begi la vikorokoro: vibanio vya nguo, shanga, udongo wa kufinyanga, mikasi butu, selotepu. Wapo watoto ambao mwili hauwatii vizuri. Huyu penseli inamponyoka, yule hawezi kukaa kitini bila kuteleza. Mtaalamu wetu, mama mmoja mrefu mwenye subira ya ajabu, anawapima na kupanga mazoezi. Mimi ni msaidizi wake, nayafanya na watoto siku baada ya siku mpaka kazi zao ziwezekane, na kazi za mtoto ni kuandika, kuvaa, kula na kucheza. Kwenye shule moja nimepewa stoo ya michezo, nakaa kati ya nyavu na mipira iliyoisha upepo.

Najua utasema, “Msaidizi tu?” Mama alisema hivyo hivyo, tena mbele ya wageni. Ngoja nikusimulie habari za Chiriku.

Chiriku ni binti wa darasa la kwanza. Jina hilo amepewa na wenzake kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Tangu azaliwe upande wake mmoja ni dhaifu, na mkono wa upande huo anaukunja kifuani. Akili anayo, tena ya kuuza. Shida ilikuwa choo. Sketi ya shule ina kifungo kiunoni, na kwa mkono mmoja ilimshinda kukifunga. Mwalimu wake ana darasa limejaa pomoni, hawezi kutoka kila mara. Basi mama yake, anayefanya usafi kwenye ofisi za jirani, akawa anakuja mbio kila mapumziko, aproni mwilini, kumpeleka mwanawe chooni.

Huko kazini wakaanza kununa. Mwalimu mkuu naye akamwita akamwambia kwa upole kwamba muhula ukiisha mtoto hajaweza kujihudumia, itabidi aende shule ya bweni, mbali, huko kwenye wahudumu. Maana yake mama na mwana wangeonana likizo tu. Yule mama alinisimulia akitazama ukuta. Alimaliza akaniuliza, “Wewe utaweza?” Nikajibu tutaweza, Mama Mdogo, na moyoni sikuwa na hakika hata chembe.

Mtaalamu alipendekeza sketi ya lastiki. Chiriku aliitazama akasema, “Hiyo ya watoto wachanga. Mimi nataka kifungo kama wenzangu.” Yakaishia hapo. Sasa kidole kimoja hakivunji chawa, na mkono mmoja haufungi kifungo kigumu kama kile. Ilikuwa lazima ule dhaifu ushike kitambaa, mwingine usukume kifungo.

Lakini kila nikimwambia, “Haya, lete mkono wa kulia,” anauficha mgongoni, na ule mdomo usio na likizo unafungwa kabisa. Nikabembeleza, nikaimba, nikajifanya nyani. Wapi! Siku moja nikamuuliza tu, kwa nini hutaki? Akanitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mjinga.

“Si ndio wa kulia? Ukiushika, nalia.”

“Kulia si kula chakula?” nikamwambia.

“Chakula nalia huu,” akasema, akaninyanyulia wa kushoto.

Maisha yangu yote nimelisema neno hilo bila kulisikia. Mkono ule kila aliyeushika aliuvuta: hospitali wanaunyoosha, nyumbani wanaupitisha kwenye mkono wa gauni, naye analia. Kwake ulikuwa mkono wa machozi, na mimi kila asubuhi nilikuwa namwambia aniletee machozi yake mezani.

Nilipomweleza mtaalamu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema tusiuite hivyo tena, na mwenye mkono achague jina. Chiriku akaniuliza, “Wewe hapa unaitwa nani?” Nikamwambia msaidizi. Akauangalia mkono wake, akasema, “Na huyu pia Msaidizi. Kazi yake kushika tu.”

Tokea hapo mambo yakawa mengine. Msaidizi alishika karatasi isiteleze, akashika shanga, akashika ukosi wa shati langu kuukuu huku mwenzake akihangaika na vifungo. Siku nyingine alichoka, tukampumzisha. Shati limechakaa, lakini silitupi.

Ijumaa ya wiki iliyopita mwalimu mkuu alikuja kujionea. Chiriku akaingia chooni peke yake. Sisi wakubwa, mama yake akiwemo, tukasimama nje, tumekodoa macho kwenye mlango wa bati. Akakawia. Mama yake akapiga hatua, nikamwomba asubiri. Mlango ukafunguka. Blauzi ilikuwa nje upande mmoja, lakini kifungo kilikuwa kimefungwa, tena kwenye tundu lake lile lile! Akatupita sote kwenda bombani, akasema, “Msaidizi bado hajanawa.” Mwalimu mkuu akageuka akamwambia mama, “Huyu ni wetu. Haendi popote.”

Sasa nasema bila haya: mimi ni msaidizi, na najivunia.

Jumatatu iliyofuata, wakati wa mapumziko, nilimwona yule mama getini, aproni mwilini, anahema. Mazoea yana tabu, miguu ilimleta yenyewe. Chiriku alikuwa anaruka kamba na wenzake. Akamwona, akamkimbilia, akamuuliza kwa mshangao wa kweli, “Mama, umefuata nini?” Wala hakungoja jibu, akarudi kwenye kamba. Mama yake alishika geti, akacheka huku machozi yakimtiririka, akasimama pale akimtazama mpaka kengele ikalia.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie aache ubishi na dawa. Wasalimie mapacha na shangazi yao wa ghorofa ya juu. Mama anakusalimu, na anasema siku hizi akiulizwa kazi yangu anajibu mwenyewe, kwa sauti.

Mungu akujalie uzee mrefu wa kujifungia vifungo vyako mwenyewe.

Wako akupendaye daima,
Mtundu wako.