Watasema Asikimbie Tena

Mabira, Kyerwa
2 Desemba 2024

Mwanangu Dastan,

Hujambo wewe, mkeo na watoto? Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha umri. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Mwaka Mpya mje, ila fataki ziache huko dukani kwako. Mara ile ulipozilipua uani, mbwa wangu alikata kamba akatokomea, akarudi na mguu umevunjika. Naishi peke yangu, yeye ndiye mwenzangu. Akikimbia tena hatarudi. Najua watu wananicheka kwamba nalea mbwa kama mjukuu. Waache, ndiyo maana nilimwita Watasema.

Mama yako,
Benadeta

Bukoba
9 Desemba 2024

Mama, shikamoo.

Hatujambo. Mdogo alisumbuliwa na kikohozi, sasa amepona. Barua kondakta alinifikishia.

Mama, watoto nimeshawaahidi. Hata nikiacha zangu, Mabira nzima watapiga madebe na kulipua baruti. Utawafunga mikono wote? Mbwa ni mbwa. Kama siku hizi yeye ndiye mwenye nyumba, sisi sikukuu tutakula huku huku.

Mwanao,
Dastan

Mabira
16 Desemba 2024

Mwanangu,

Poleni na kikohozi, mpe mtoto asali.

Umeniudhi, nakwambia wazi. Mabira nzima siiwezi, lakini uani kwangu nauweza. Jirani yetu Anatory nimempelekea pombe ya rubisi, amekubali kulipua zake kule bondeni. Kila jioni Watasema akila, mimi napiga debe. Nilianza polepole, sasa napiga kwa nguvu zangu zote naye hata habweki, anakula tu. Usiku wenyewe nitakaa naye stoo: dirisha nimeziba, chini nyasi kavu, kamba hakuna, redio juu.

Ninyi mnakaribishwa. Fataki hazikaribishwi.

Mama yako,
Benadeta

Bukoba
4 Januari 2025

Mama, shikamoo.

Natumaini u mzima. Mwaka Mpya tulikuja. Fataki niliziacha, nikataka uone mwenyewe kwamba nimekusikia. Gari lilituharibikia njiani, tukafika watu wakiwa wameshaanza kushangilia. Niligonga mlango mpaka mkono ukauma. Redio naisikia, simu yako haipatikani, na mbwa anayebwekea hata kuku yuko kimya. Nikajua umetukataa. Tulilala kwa Anatory, alfajiri tukageuza.

Mbwa umemtunza vizuri. Wajukuu wako wanauliza walikosa nini. Usijisumbue kujibu.

Dastan

Mabira
8 Januari 2025

Mwanangu Dastan,

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mwili wangu mzima, moyo hapana.

Sikukusikia. Redio nilikuwa nimeifungulia hadi mwisho na simu nimeizima isimshtue. Kulipokuwa na kishindo, Watasema aliinua kichwa, akakilaza tena mapajani pangu. Nilidhani ni madebe ya watu, nikamsifu. Kumbe ulikuwa wewe. Kunyamazia vishindo nilimfundisha mimi mwenyewe, wala sikufikiria kwamba na mwanangu anaweza kuja kwa kishindo.

Hakukimbia. Nililolitaka nimelipata, na tangu Anatory aliponiambia mmeshaondoka nimekuwa nikilia. Sitakudanganya, mwaka huu ukiisha nitakaa naye stoo tena. Lakini ninyi mtakuwa ndani, hata kama itabidi nilale mlango wazi.

Jumamosi napanda basi la asubuhi. Mbwa atabaki na Anatory. Nitabisha hodi kwako, na usipofungua nitaendelea kugonga.

Mama yako,
Benadeta