Dungu Moja, Wakwe Wawili

Mpendwa Mama Mkwe,

Usishtuke kusikia nazungumza nawe moja kwa moja. Siku zote za uhai wako tulisemezana kupitia watu, kama mila ya kwetu inavyotaka: mkwe na mama mkwe wasipeane mikono, wasikae benchi moja, wasitazamane usoni. Sasa umelala Bungoma nami niko Durban, nadhani umbali unatosha. Kama nakosea, nitatoa kuku wa faini tutakapokutana.

Unaikumbuka ile safari ya kuwinda swala? Nilikuwa na miezi saba bila kazi, nimejifungia kwenye fleti yetu ya Berea, hapa Durban, na suruali ile ile ya mazoezi, huku binti yako Naliaka akipiga zamu hospitalini hadi miguu inavimba. Ukaja. Ulisema umekuja kutusalimu, lakini tiketi za kurudi ulikata mbili, nami si mjinga. Ulikuja kumchukua binti yako. Mkwe asiyeleta chakula nyumbani ni wa nini?

Basi nikatangaza kwamba Jumamosi nitaleta nyama. Rafiki yangu Désiré, Mrundi aliyekuwa akiongoza wawindaji kwenye shamba moja la wanyamapori nje ya mji, aliniambia ni msimu wa swala kupandana, madume yamepoteza akili, hata mimi ningepata. Nawe ukamwambia Naliaka, "Nitaenda nikaone kwa macho yangu."

Tulipofika, Désiré akatuonyesha dungu la kujifichia: kijukwaa cha mbao juu ya mti, na kibenchi cha watu wawili waliobanana. "Muko famille, pandeni," akasema, akimaanisha sisi ni jamaa moja. Nikaitazama ngazi. Nikitangulia mimi, nitakuwa juu ya kichwa cha mama mkwe. Ukitangulia wewe, mimi nitabaki chini ya ngazi, na hilo hata kulifikiria sitaki. Nikasema dungu halifai.

Nikachagua pengine, kwa majivuno ya mtu aliyesoma makala tatu kwenye simu: juu ya kilima, karibu na bwawa, maana kila mnyama hunywa maji. Wewe ukanipa mgongo, kama inavyopasa, ukamwambia Désiré kwa sauti ya kutosha kusikika Pietermaritzburg, "Mwambie mume wa binti yangu, dume lenye hamu halikumbuki maji. Linafuata majike. Na hapo alipo, upepo unawapelekea majike habari zake zote."

Nilikuwa hatua nne kutoka kwako. Désiré, maskini, akageuka akanifikishia. "Eish, papa, mama anasema hapo iko mubaya. Upepo iko nakuchongea."

"Mwambie nimesikia," nikasema.

Swala wa kuwinda hukuwahi kumwona, lakini ulichunga mbuzi utoto wako wote, na beberu ni beberu. Ukaagiza nikae ukingoni mwa kichaka, upande ambao upepo unatoka kwa majike, kwa sababu dume hupita hapo likinusa. "Na mwambie asiinuke." Nikajibanza nyuma ya kichuguu. Wewe ukakaa hatua ishirini nyuma yangu, mgongo kwa mgongo, Désiré katikati yetu akila biskuti.

Ndipo kichaka kikanguruma. Mama, hakuna aliyeniambia kwamba swala dume, kale kanyama ka miguu ya vijiti, akitaka jike hunguruma namna ile. Nilijua ni simba. Nikachomoka mbio, na katikati ya mbio nikaona ninakoelekea ni kwako, nawe umeshageuka kutazama kuna nini. Hatua tatu zaidi ningekukumbatia. Nikasimama. Mbele mama mkwe, nyuma simba. Nikapima. Nikarudi kwa simba.

Simba akatokeza, na pembe zake nzuri, pale pale uliposema. Nikainua bunduki, nikafyatua. Risasi ikaingia kwenye mti. Tulirudi mjini na kuku tuliyemnunua mtaani Overport, nami nikijua tiketi ya pili sasa imepata mwenyewe.

Lakini ulipanda ndege peke yako. Miaka yote hii niliamini Naliaka alikubembeleza, kwamba uliniachia kwa huruma tu, na jambo hilo liliniuma kimyakimya. Mwezi uliopita, tulipotoka kukuzika, tukingoja ndege ya kurudi Durban, ndipo akaniambia ulichomnong'oneza jikoni jioni ile.

"Kulenga hajui. Mahali pa kukaa hajui kuchagua. Lakini nimemwona kwa macho yangu akirudi kwa simba ili asinivunjie heshima. Mtu wa namna hiyo hatakutupa. Baki naye."

Nililia pale uwanja wa ndege, watu wakinitazama, sikujali. Kazi niliipata baadaye. Wewe ulinikubali nikiwa sina kitu, na sikujua. Asante, Mama. Nakwambia mwenyewe.

Pumzika salama.

Mkweo,
mume wa binti yako