Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Jumapili jioni. Joto la soko letu la Mbumbuni limetubana tangu asubuhi, na bado nimevaa shati la kanisani. Sijui namwadhibu nani.

Leo kanisa zima limenipigia makofi, na sikustahili hata kofi moja.

Mama Ndinda wa Mbooni ana pikapu ya zamani aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ndiyo hubeba maembe na parachichi zake na za majirani hadi sokoni. Ilipokataa kuwaka, waliivuta mpaka kwenye gereji yangu. Mimi ni fundi wa injini za kizamani. Hizi zinazopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, kama hiyo yake, hunitisha, ingawa sijawahi kumwambia mtu. Nilichungulia, nikakohoa kidogo, nikatangaza kwamba kompyuta imekufa. Tutoe mfumo wote, tufunge kabureta, ile ya kizamani ya kuchanganya petroli na hewa.

"Wewe ndiye unajua, mwanangu," akasema.

Siku ya nne, injini ikiwa nusu uchi, nilikuta waya umetafunwa na panya nyuma ya dashibodi. Gari hilo hulala ghalani pamoja na mahindi. Niliuunga, nikawasha swichi, na taa ya kompyuta ikawaka. Haikuwa imekufa.

Waya mmoja tu!

Ningeweza kurudisha kila kitu mahali pake na kusema nilikosea. Lakini nilikuwa nimeshajigamba mbele ya soko zima, na niliogopa kuchekwa. Nikafunga kabureta.

Gari liliwaka vizuri. Nikalijaribu hapa sokoni, kwenye tambarare, nikajipongeza. Mlimani sikulipeleka. Kabureta ile ina kibakuli cha petroli. Pua ya gari ikiinuka sana, petroli huegemea upande mmoja, injini huzima, na breki huwa nzito. Na barabara ya kwa Mama Ndinda ni mlima mtupu. Nilijua hilo. Nilifunga macho.

Leo alinialika kanisani kwao, akasimama kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe! Juzi gari ilizima tena hapo kwa kona, ikaanza kurudi nyuma na sisi. Mwikali akaruka, akaweka jiwe kwa tairi. Ilibaki kidogo tu tuingie bondeni. Mungu ni mwema! Na huyu hapa ndiye fundi alitufufulia gari. Simama, mwanangu, wakuone."

Nikasimama. Nikatabasamu hata.

Mwikali ni mke wa mwanawe. Kumbe siku hizi kila wakipanda, yeye hukaa nyuma juu ya magunia, jiwe mapajani, tayari kuruka. Wanadhani ni uzee wa gari. Alikuwa akinipigia makofi polepole, maana vidole vyake viwili vimefungwa bendeji. Jiwe lilimbana.

Baada ya ibada nikala kwao. Mama akaniongezea nyama.

Vifaa nilivyotoa bado viko kwenye katoni chini ya meza yangu ya kazi. Nimevihesabu jioni hii, vyote vipo. Kesho napanda Mbooni kabla ya chai, maana nikikaa ninywe chai nitapata kisingizio. Nitamweleza Mama habari ya waya, Mwikali akisikia. Soko likitaka kucheka, na licheke.

Kisha nitavirudisha vyote, na tutalijaribu gari kwenye kona ile ile. Siku hiyo atakayekaa nyuma na jiwe ni mimi.